Kijana Aliyekoroga Uji wa Wakwe

Mimi nimechoka na Mukiri. Nasema mapema ili mtu asiniulize baadaye mbona nina hasira. Nilianza kuchoka naye akiwa angali anavaa kaptura iliyotoboka nyuma, na juzi huko Kianjokoma akanichosha mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze na suti yangu.

Jina langu ni Kailemia. Nauza mbegu za viazi hapa Kiirua, na wanaonunua kwangu watakwambia mimi si mtu wa maneno mengi, ingawa mke wangu ana maoni yake. Mukiri ni mtoto wa kaka yangu. Kaka alipofariki, shughuli zote za kijana ziliniangukia mimi, na ya mwisho ilikuwa posa. Kwetu kijana hajisemei mbele ya wakwe. Anasemewa na mtu mzima wa upande wa baba. Yeye anavaa shati safi, anakaa kwenye kiti, ananyamaza. Basi. Gunia la viazi lingeifanya kazi hiyo bila kufundishwa.

Lakini Mukiri! Alipokuwa mdogo, ukimtuma maji mferejini harudi. Ukienda kumtafuta unamkuta amechuchumaa, amesimamisha kijiti majini, anatazama maji yanavyojizungusha nyuma ya kile kijiti. Mama yake, Makandi, anaita mpaka sauti inakauka, maharagwe yanaungua, yeye hasikii. Ukimpa chai anaikoroga hata sukari ikiwa imekwisha kuyeyuka zamani, halafu anatoa kijiko na kuinamia kikombe mpaka chai isimame. Ndipo anakunywa, imepoa kama ya jana. Tulidhani ataacha akikua, kama watoto wanavyoacha kunyonya kidole.

Hakuacha. Alienda akaisomea.

Siku hizi ni mwalimu wa fizikia kwenye shule moja ya kutwa mjini Meru, na jioni anasomea udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano. Siku moja nilijiletea balaa kwa kumuuliza anasomea nini hasa. Akaniambia anasomea visulisuli vinavyotokea ndani ya gesi iliyopozwa kupita kitu chochote.

“Baridi kama ya hapa mwezi wa saba?” nikauliza.

“Zaidi, anko. Baridi kuliko kilele cha mlima. Baridi kuliko huko juu kati ya nyota.”

“Na hiyo gesi unaiweka wapi?”

“Mimi sina. Kuna watu ng’ambo wanayo. Wanaishikilia kwa miale ya mwanga, ndani ya chupa isiyo na hewa. Ni kidogo kuliko punje ya chumvi.”

“Umeiona?”

“Picha tu.”

“Umeigusa?”

“Haiguswi, anko. Ukiigusa inapata joto, inaisha.”

“Sasa wewe kazi yako ni gani?”

“Mimi napiga hesabu kwenye kompyuta, nijue itafanyaje ikikorogwa.”

Jameni! Niambie wewe uliye mtu mzima, ungesema nini hapo? Mtu hana gesi, hajaigusa, na anakesha akiikoroga kwa hesabu. Stima ikipotea analalamika kwamba visulisuli vyake vimekatika katikati. Nilinyamaza kwa sababu kaka yangu angetaka ninyamaze.

Halafu akampata Nelius. Mimi mpaka leo sielewi ilivyokuwa, ila nimesimuliwa. Nelius anafanya kazi maabara katika hospitali moja mjini. Mukiri alienda na homa yake, akatolewa damu, na badala ya kukaa kwenye benchi kama wagonjwa wengine, akasimama mlangoni kuuliza ile mashine inayozungusha vichupa vya damu inazunguka kwa kasi gani. Mtu anatetemeka kwa homa! Nelius akamwambia aende akakae. Akaenda, akarudi. Nelius akacheka, na mambo yakaanza hapo. Ni msichana mwenye akili zake, anaongea taratibu, anakuangalia usoni. Makandi alimpenda tangu siku ya kwanza, na mimi pia, ingawa sikusema.

Jumapili moja baada ya kanisa, Nelius akaja Kiirua kutuandaa. Tulikuwa jikoni kwa Makandi. Akaniambia, “Mzee Kailemia, baba yangu hana shida. Ni mtu mpole, mkulima wa majani chai, mtaongea vizuri. Lakini kuna shangazi yangu Celina. Sisi tunamwita tata. Mama alifariki nikiwa mdogo na tata ndiye alinilea. Baba akisema ndiyo na tata akisema hapana, ni hapana. Na hata mimi, nisameheni, siwezi kuolewa tata akiwa amenuna.”

“Tata anataka nini?” nikamuuliza. Nilikuwa tayari kwa blanketi, mbuzi, chochote.

“Anataka heshima ya uji wake.”

Akatueleza. Nyumbani kwao, wageni wa posa wakishamaliza kuongea, tata analeta uji uliochachushwa ambao amepika mwenyewe, kwenye kibuyu kilichokatwa mdomo mpana kama bakuli. Kijana anapokea kwa mikono miwili, anakunywa, anarudisha. Akishakunywa, posa imepokewa. Lakini asikizungushe kile kibuyu. Kwa wanawake wa nyumba ile, mtu anayezungusha uji kabla ya kuunywa anatafuta madonge. Ni kumwambia mpishi mbele ya watu kwamba hajui kukoroga. Kuna wageni waliowahi kurudishwa kwao kwa jambo hilo hilo.

Nelius aliposema hivyo hakuniangalia mimi. Alimwangalia Mukiri. Mukiri alikuwa ameinamia kikombe chake cha chai.

“Mukiri!” nikamwita.

“Nimesikia, anko. Nisizungushe.”

Nilimfanyisha mazoezi kama askari. Nilimkalisha kwenye kiti, nikampa kibuyu cha maji. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akarudisha. Vizuri. Nikampa cha maziwa. Vizuri. Makandi akapika uji, nikampa cha uji, na nikaona kifundo cha mkono wake kikianza kugeuka polepole, chenyewe, kama ng’ombe anayejua njia ya nyumbani. Nikampiga kofi la mkono, uji ukamwagikia suruali. “Hukuona unachofanya?” Akasema hakuona. Na najua hakudanganya, ndiyo maana nilikasirika zaidi. Tukarudia mpaka akaweza. Nilienda kulala nikijua nimetengeneza mtu.

Siku ya siku tukafika Kianjokoma. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, baridi ya kule inakung’ata masikio. Kina mama walituimbia getini, tukaimba nasi tukafunguliwa. Mzee Nyaga, baba yake Nelius, akatukaribisha sebuleni. Sisi ni watu wa Kimeru na wao ni wa Kiembu, tunaelewana nusunusu, kwa hiyo tulikubaliana mambo yote yasemwe kwa Kiswahili ili asije mtu akadai baadaye kwamba hakuelewa. Na mimi nikasema. Sijisifu, lakini siku hiyo nilisema! Niliuliza habari za mvua, nikasifu majani chai yao, nikazunguka mpaka nikafika kwenye ua tulilolionea mbali. Nyaga akacheka. Akaniuliza kijana anafanya kazi gani, nikamwambia ni mwalimu. Nukta. Sikuongeza gesi wala nini. Mukiri alikaa kwenye kiti chake, shati safi, kimya. Yaani nilianza kujivunia.

Ndipo Celina akaingia na kibuyu.

Ni mama mrefu, mkavu, kitambaa kimefungwa kichwani kikakazwa. Akapita mbele yetu wote asimwangalie mtu, akasimama mbele ya Mukiri. Mukiri akapokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemkazia macho mpaka yananiuma. Akakiinua. Nikasema moyoni, kunywa, kunywa, kunywa mtoto wa kaka yangu. Na wakati ule ule, aki ya Mungu, ukungu ukafunguka huko nje, mwanga ukaingia dirishani ukaangukia moja kwa moja ndani ya kile kibuyu.

Mukiri akasimamisha mikono hewani. Akatazama. Na kifundo cha mkono kikageuka.

Hakuzungusha kidogo, kwamba ningesema ni kutetemeka. Alizungusha vizuri, mizunguko mizuri ya taratibu, halafu akashikilia kibuyu kimya na kukiinamia, pua karibu iguse uji. Makandi aliyekuwa kando yangu akamwita Mungu, “Ngai,” kwa sauti ya mtu anayeona gari likiacha barabara. Nelius alikuwa mlangoni na wasichana wenzake. Alifunga macho.

Celina akanyoosha mikono akakichukua kibuyu kutoka mikononi mwa Mukiri, hata hajaonja. “Ulikuwa unatafuta nini kwenye uji wangu?” akauliza.

Nikaruka. Hiyo ndiyo kazi ya msemaji. “Mama, utuwie radhi, kijana ana shida ya mkono. Alianguka na pikipiki mwaka jana. Mkono unacheza wenyewe.”

“Mkono hauna shida, anko,” akasema Mukiri.

Haiya! Nikamwangalia kwa macho yote niliyonayo. Akasimama. Kijana wa posa akasimama na kuongea! Nilikaa chini.

“Tata, sikuwa natafuta madonge,” akasema. “Uji wako hauna donge hata moja. Nimeangalia.”

“Kwa hiyo uliangalia!”

Nikashika kichwa. Unaona mtu huyu? Unampa kamba ya kujiokoa, yeye anajifunga nayo.

“Nilikuwa naangalia unavyosimama,” akasema. “Uji ukizungushwa unazunguka, halafu unasimama. Unajisugua wenyewe, na wa pembeni unajisugua na kibuyu, mpaka nguvu zinaisha. Kila kitu kiko hivyo, maji, maziwa, hata upepo. Lakini mimi nasomea gesi ambayo ukiipoza mpaka karibu na mwisho wa baridi, chembe zake zinaacha kwenda kila moja kivyake. Zinakwenda pamoja kama kitu kimoja. Hakuna kusuguana tena. Ukiikoroga polepole haigeuki hata kidogo. Inakaa tu kama hujaigusa.”

“Kama wewe ukitumwa maji,” nikasema. Hakuna aliyecheka.

“Unaongeza kasi, bado imekaa. Halafu ikifika kasi fulani, kisulisuli kimoja kinaingia kutoka pembeni. Kinaingia kizima. Hakuna nusu, hakuna robo. Na katikati yake ni patupu. Ukiongeza tena kinaingia kingine, kiko sawasawa na cha kwanza, mpaka vinakuwa vingi na vinajipanga vyenyewe.”

“Vinajipanga vipi?” Huyo alikuwa mzee Nyaga, ameinuka kidogo kwenye kochi.

“Kwa kupishana, mzee. Kama miche ya majani chai hapo nje.”

Nyaga akageuka akatazama dirishani. “Bila kamba?”

“Bila kamba.”

“Wacha!” akasema Nyaga. “Mimi nilihangaika na kamba ya kupangia miche msimu mzima.”

“Nyaga!” akasema Celina, na kaka yake akarudi kwenye kochi kama mtoto. Kisha Celina akamgeukia Mukiri. “Na hiyo gesi inasaidia nini?”

Nilijua jibu lolote lingefaa. Dawa. Simu. Mvua. Chochote! Mukiri akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema, “Yangu mimi, bado haijasaidia kitu ninachoweza kukuonyesha, tata.”

Celina aliposema tena, sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hiyo ilinitisha zaidi. “Ulipokuwa umeinamia kibuyu changu, ulikumbuka kwamba tuko hapa?”

“Hapana, tata.”

“Na Nelius? Yeye ulimkumbuka?”

Sema ndiyo, nikamwomba kimoyomoyo. Neno moja, kijana. Mukiri akamwangalia Nelius kule mlangoni. “Hapana,” akasema. “Kwa ule muda, hapana.”

Nelius akaondoka mlangoni. Tulisikia nyayo zake zikienda upande wa jikoni.

Celina akaenda mlangoni akaumwaga uji wote nje, kwenye nyasi. Akarudi na kibuyu kitupu. “Msichana wangu sikumlea ili akae kwenye nyumba ambayo mwenyewe amemsahau,” akasema. “Lakini kijana hajadanganya, kwa hiyo nitamsikiza mara moja tena. Arudi na nafaka aliyoisaga kwa mkono wake. Aichachue mwenyewe, aje apike jikoni kwangu. Na kibuyu kitapokewa na Nelius. Akinywa, sawa, mimi sitasema neno. Akikirudisha bila kunywa, msikanyage tena hapa.”

Tulirudi vipi sijui. Nakumbuka tu kwamba sikumsemesha Mukiri mpaka tulipofika Kiirua, na hapo nilimsemesha kwa yale yote niliyokuwa nimeyaweka. “Kwani uongo mdogo ungekuua?” nikamuuliza. “Ungesema tu ulimkumbuka!”

“Angejua, anko,” akasema.

“Nani, Celina?”

“Nelius.”

Akampigia simu, Nelius hakupokea. Akapiga tena jioni, hakupokea. Akatuma ujumbe. Nelius alijibu kwa maneno machache kwamba watakutana Kianjokoma. Mukiri alinionyesha ule ujumbe kama mtu anayekuonyesha kidonda. Nilitaka kumhurumia lakini nilikuwa bado nimekasirika, nikamwambia aende akasage.

Makandi akamtolea jiwe la kusagia la mama mkwe wake, lililokuwa limelala nyuma ya ghala miaka na miaka, na Mukiri akapiga magoti akasaga nafaka, wimbi na mtama, mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Majirani walikuja kuangalia. Mwanamume amepiga magoti kwenye jiwe! Gitobu, jirani yangu ambaye hana kazi ya maana, alileta kiti kabisa akakaa. Mukiri hakumjali. Akauloweka unga, akaufunika, akauacha uchachuke karibu na meko. Hadi hapo hakuna kosa. Kosa lilikuwa kwenye kukoroga.

Maana uji una sheria moja tu: mwiko usisimame. Na Mukiri anasimamisha. Anakoroga vizuri, mvuke unapanda, halafu nyuma ya mwiko kinajitokeza kile kishimo kidogo kinachozunguka, na macho yake yanakifuata. Mkono unasahau. Uji unashika chini, donge linatokea. Makandi anapiga kelele, Mukiri anakoroga tena, anaona kishimo kingine. Sufuria ya kwanza tulimpa mbwa. Ya pili mbwa mwenyewe alikataa. Nilimwambia, “Mukiri, mtoto wa kaka yangu, fumba macho ukoroge.” Akafumba macho, akaungua mkono.

“Una akili ya kuhesabu kitu ambacho hujawahi kukiona,” nikamwambia, “na hiki kilicho mbele ya pua yako kinakushinda!”

“Hiki ni kigumu zaidi, anko,” akasema, na alikuwa amechoka kweli. “Uji hauna hesabu nzuri.”

Nenda kazungumze na mtu kama huyo!

Tukarudi Kianjokoma safari hii watu watatu tu, mimi, Makandi na yeye. Hakukuwa na nyimbo getini. Kwa kawaida mwanamume hakai jikoni kwa Celina, lakini siku hiyo Mukiri aliingizwa ndani, na mimi nikawekewa kigoda kizingitini, nusu ndani nusu nje, moshi wote ukinijia mimi. Kina mama wa ukoo walijaa ukutani. Mzee Nyaga alijifanya anapita pita nje kutafuta panga. Nelius alikaa kwenye kiti kifupi upande wa pili wa mafiga, mikono imelala mapajani. Hakumsalimia Mukiri kwa mkono. Alimwitikia tu.

Mukiri akaweka sufuria, akamimina ule unga wake uliochachuka, akaanza. Akakoroga vizuri! Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Celina alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Uji ukaanza kuwa mzito, ukaanza kupumua, na nyuma ya mwiko kishimo kikajitokeza, nikakiona hata mimi kutoka kizingitini. Mkono wa Mukiri ukapungua mwendo.

“Koroga!” nikapiga kelele. “Koroga wewe!”

Akashtuka akakoroga kwa fujo, lakini wapi. Madonge yalikuwa yameshatoka, yanapanda na kuzama kama vichwa vya watoto wanaoogelea. Mama mmoja ukutani alifunika mdomo kwa leso. Makandi alinipa jicho ambalo lilisema yote yamekwisha, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria namna ya kuaga kwa heshima.

Mukiri akaepua. Akachota uji, akajaza kibuyu, kile kile cha siku ile. Vidole vyake vilikuwa na vidonda vya jiwe. Akampa Nelius kwa mikono miwili, akabaki amepiga magoti mbele yake kwa sababu jikoni hapakuwa na kiti kingine.

Nelius akapokea. Akakiinua mpaka karibu na mdomo. Kisha akakishusha kidogo, na mbele ya tata yake, mbele ya kina mama wote wa ukoo, akakizungusha.

“Nelius!” akasema Celina.

Nelius akaendelea. Alizungusha mizunguko ya taratibu, kama alivyozungusha yule mwendawazimu, halafu akakishikilia kimya na kuuinamia uji. Akatazama. Ule uji ulikuwa mzito, ungesimama mara moja, lakini yeye aliendelea kutazama hata uliposimama, na sisi tukaendelea kungoja, na moshi ukaendelea kunitoa machozi. Nilitaka kusema kitu. Kazi yangu ni kusema. Nikajipangusa macho kwa mkono wa suti.

Ndipo nikamwangalia Mukiri, nione kama naye ameinama kutazama kisulisuli cha ndani ya kibuyu. Namjua tangu anazaliwa. Sijawahi kuona kitu kikizunguka mbele yake na yeye asikitazame. Siku hiyo hakukitazama. Alikuwa anautazama uso wa Nelius, mdomo wazi, ametulia kabisa, na jasho linamtiririka, na nadhani kama paa lingewaka moto asingejua.

Nelius akainua macho akamkuta hivyo. Akakaa kidogo akimtazama.

Kisha akanywa. Hakuonja, alikunywa. Tuliona shingo yake ikimeza, tukaona shavu likivimba, na tukamsikia akitafuna. Akashusha kibuyu, akajipangusa mdomo kwa kiganja.

“Una madonge, tata,” akamwambia Celina. “Nimeyaona.”

Akakiinua tena akamaliza uji wote. Mimi msemaji, niliyetoka Kiirua na suti, sikubakiziwa hata tone.